Jembe la Leta na jembe la nyumbani: historia ya bustani ya mboga Kisangani

Utangulizi

Tukizungumza juu ya desturi za wazee wetu hapa Kisangani, tunataja kwa haraka uvuvi wa Wagenia kwenye maporomoko, ngoma, ndoa, kilio na hadithi za usiku. Bustani ya mboga iliyo nyuma ya jiko hakuna anayeitaja. Pengine ni juu inaonekana kama kazi ya wamama tu. Pengine ni juu iko karibu sana, na kitu kilicho karibu sana na jicho hakionekani vizuri. Lakini bustani hiyo nayo ina historia, na ndani ya historia hiyo kuna machungu ambayo hatupendi kuyasema.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Kwa miaka mingi, mwanafunzi akichelewa asubuhi au akipiga kelele darasani, nilimtuma kwenda kulima bustani ya shule. Siku moja kijana mmoja alimaliza azabu yake, akatupa jembe chini ya dirisha, limejaa matope. Nilimwita nikamkaripia: «Nyumbani kwenu mama anaacha jembe hivi?» Akajibu kwa heshima, macho chini: «Hapana, Mwalimu. Jembe ya mama tunaosha. Lakini hii ni jembe ya azabu. Jembe ya azabu, nani ataiosha?»

Siku ile sikuwa na jibu. Mimi niliyefundishwa namna ya kuuliza maswali darasani nilikuwa nimeulizwa swali moja gumu na mtoto. Juu ya nini jembe la nyumbani linaoshwa na jembe la shule linaachwa na matope? Nimetafuta jibu katika vitabu na kwa wazee, na ninaona kwamba jibu ni historia ya mji wetu wote. Njo hiyo ninataka kuieleza hapa.

1. Mboga za nyuma ya jiko

Kabla ya mji huu kuitwa Stanleyville, watu walikuwa wakiishi hapa kwa mto na kwa msitu. Wagenia walivua samaki kwenye maporomoko. Walokele walifanya biashara kando ya mto, na watu wa ndani walileta ndizi, mihogo na majani sokoni ili kubadilisha na samaki. Katika msitu, Wakumu na majirani wao walikata miti, wakachoma, wakapanda, halafu baada ya miaka michache wakaacha shamba lipumzike.

Hawakuhama kwa uvivu, kama wazungu wa kwanza walivyofikiri. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Kwa mwaka mmoja tunapata mvua ya milimita zaidi ya 1700, na hatuna kiangazi cha kweli, tuna tu miezi ambayo mvua inapungua. Mvua hiyo inaosha udongo na kuchukua nguvu yake. Mahali ambapo udongo ulibaki na nguvu palikuwa nyuma ya jiko, pale wamama walipotupa majivu, maganda ya ndizi, mifupa ya samaki na takataka za kufagia. Pale lenga-lenga iliota vizuri, hata bila kupandwa. Mtu asiseme basi kwamba ni kitabu kilichotufundisha kutengeneza mbolea. Jalala la koko zetu lilikuwa darasa la kwanza.

Ukitaka kusoma historia hii bila kitabu, nenda sokoni asubuhi na mapema, usikilize majina. Lenga-lenga, sombe, matembele, ngai-ngai, fumbwa: hayo ni majina yetu. Pilipili, vitunguu, biringanya, mpunga: hapo unasikia sauti ya watu waliotoka mashariki. Saladi, karoti, tomati: hapo Mzungu amefika. Mama anayeuza ameweka majina yote juu ya meza moja, na hakuna mboga inayomkataza jirani yake.

2. Bustani ya Waungwana

Mwezi wa 12 mwaka 1883 Stanley aliacha kituo kwenye kisiwa cha Wana Rusari, karibu na maporomoko. Lakini watu wa Tippu Tip walikuwa wamekwisha kufika sehemu hizi. Mwaka 1887 mfalme Leopold II alikubaliana na Tippu Tip, akamfanya kuwa wali wa Stanley Falls. Pamoja na watu hao ilikuja lugha ninayoandika sasa, na ulikuja mpunga. Mpaka leo, katika vijiji vya Waungwana kando ya Kisangani, mpunga na matunda ni sehemu ya sifa yao.

Namna bustani zao zilivyokuwa, tunajua kwa habari za Kasongo, mji wao mkubwa wa Maniema. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Leopold, aliingia Kasongo mwaka 1893 wakati wa vita dhidi ya Waarabu. Katika kitabu chake alieleza kwa mshangao mashamba ya miwa, mpunga na mahindi, na miti ya matunda iliyopandwa mahali ambapo zamani palikuwa na msitu.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mashamba hayo mazuri yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Aliyepanda hakuchagua kupanda, na aliyevuna hakula mavuno yake. Mbegu ilikuwa njema, lakini jembe lilikuwa la amri. Nafikiri hapo njo safari ya jembe la azabu ilianza, na wale waliosema wamekuja kutuondolea utumwa hawakuisimamisha.

3. Kazi ya Leta

Wakati wa Dola Huru la Kongo, watu walifukuzwa msituni kutafuta kauchu. Mwanaume aliyekaa siku nyingi msituni juu ya kauchu hakuweza kufyeka shamba lake, na mwanamke aliyefungwa kama rehani mpaka mume alete kauchu hakuweza kupalilia mboga. Katika sehemu nyingi njaa ilifuata. Tunapohesabu mabaya ya wakati ule, tunataja fimbo na mikono iliyokatwa. Tukumbuke pia bustani zilizokufa.

Mwaka 1897 padri Gabriel Grison alianzisha misheni ya Saint-Gabriel karibu na maporomoko. Kama kila misheni, bustani ilikuwa sehemu ya maisha: mapadri walihitaji chakula, na wanafunzi walifundishwa kusoma asubuhi na kufanya kazi ya mikono baadaye. Watu wengi walijifunza huko kupanda kwa mistari, kutengeneza vitalu vya miche na kutia maji kwa arozuari. Wengine walijifunza katika bustani za wazungu wa mji, walipoajiriwa kutunza saladi na karoti za mezani kwa bwana. Ujuzi huo uliingia katika kartie zetu pamoja nao, jioni, wakirudi nyumbani.

Halafu ikaja sheria. Mwaka 1917, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, serikali ya Wabelgiji ilianzisha kilimo cha lazima: siku 60 kwa mwaka kila mwanaume mzima wa kijijini alipaswa kulima mazao yaliyochaguliwa na Leta. Mwaka 1942, wakati wa vita ya pili, siku hizo zilipandishwa mpaka 120. Katika jimbo letu, mahali pengi ilikuwa mpunga, na upande wa Uele ilikuwa pamba. Moniteri wa kilimo alipita kupima shamba kwa kamba. Aliyekosa vipimo alilipa faini au aliingia gereza.

Tuwaze sasa mtu wa wakati ule. Asubuhi analima shamba la Leta. Jioni anarudi nyumbani, anakuta mke wake amekata majani nyuma ya jiko. Jembe lake moja linafanya kazi mbili. Kwa shamba la Leta analima mpaka kipimo cha kamba, hata hatua moja zaidi haendi, juu mavuno yana bei ambayo yeye hakuipanga. Kwa bustani ya nyumbani hakuna kamba wala moniteri, lakini kila jani linaangaliwa. Mtu anatunza kitu kilicho chake. Naona mwanafunzi wangu alisema jambo hilo kwa maneno machache kuliko mimi.

4. Yangambi na ugonjwa unaopanda juu ya panga

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo cha Kongo, na kituo chake kikubwa cha utafiti kikawekwa Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka hapa, kwa kushuka mto. Tangu mwaka 1970 kinaitwa INERA. Wazee wengi wa Tshopo walifanya kazi Yangambi: katika mawese, kauchu, kahawa, mpunga. Wengi walikuwa vibarua, lakini mikono yao ilijifunza mambo ambayo maprofesa waliandika.

Kahawa ya robusta ni mtoto wa misitu yetu. Yangambi na katika mashamba ya wakoloni, wafanyakazi walifundishwa kukata matawi yake: kuondoa vichipukizi vinavyokula nguvu bure, kuacha shina chache zenye afya, na mti ukizeeka, kuukata karibu na ardhi ili uchipuke tena. Kwa watu walioona mti mzuri kuwa ule wenye majani mengi, ilikuwa ajabu. Mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo aliniambia: «Siku ya kwanza kapita alituambia tukate, tukafikiri anataka kuua kahawa. Kisha mwaka uliofuata tukaona matunda.»

Lakini kahawa ilituletea somo lingine, kali zaidi. Mwaka 1927, katika nchi inayoitwa leo Afrika ya Kati, watu waliona miti ya kahawa inanyauka na kufa. Ni ugonjwa wa ukungu unaoitwa trakeomikozi. Baadaye ulifika Kongo, na kwenye miaka ya 1950 watafiti wa INEAC walikuwa wakipambana nao. Ukungu huo unaingia katika mti kwa njia ya kidonda. Mfanyakazi anayefyeka majani kwa panga na kugusa shina la kahawa anafungua mlango. Panga hilo hilo, likiwa na uchafu wa mti mgonjwa, linapeleka ugonjwa kwa mti mzima. Dawa kubwa ilikuwa tatu: kung'oa na kuchoma miti yenye ugonjwa, kupanda aina zinazovumilia, na kuangalia vyombo vya kazi.

Kwa miaka kadhaa ugonjwa ulionekana kama umeshindwa. Halafu, mwezi wa 11 mwaka 1973, ikaja Zairianizasio. Mashamba yalitolewa kwa watu wengi wasiojua kazi hiyo. Mengi yaliachwa, na miti migonjwa hakuna aliyeing'oa. Katika miaka ya 1970 na 1980 ugonjwa ulirudi kwa nguvu upande wa Uele, karibu na Isiro, ukaendelea mpaka Kivu, na mwaka 1993 ulionekana Uganda. Familia zilizokuwa zinalipa shule kwa kahawa zilibaki na kuni.

Jambo kama hilo lilitokea tena kwa ndizi. Mwaka 2001, katika Masisi, Kivu ya Kaskazini, uligunduliwa ugonjwa wa bakteria unaonyausha mgomba na kuozesha ndizi zikiwa bado kwenye mkungu. Huo nao unapita juu ya panga na kisu, kutoka mgomba mmoja mpaka mwingine. Mtu anayekopesha jirani panga chafu anaweza kumpelekea njaa bila kujua. Kusafisha panga basi hapana jambo la urembo. Ni desturi ya ujirani mwema.

5. Salongo na azabu ya shule

Baada ya uhuru tungeweza kuacha jembe la amri. Hatukuliacha. Katika miaka ya 1970 ilikuja salongo: siku ya kazi ya wote, kufyeka, kufagia, kulima, kwa jina la chama cha MPR. Wazo lenyewe halikuwa baya, kwa sababu wazee wetu walikuwa na desturi ya kusaidiana shambani na kula pamoja baadaye. Lakini salongo ilikuja na askari na faini. Watu walitoka na majembe, wakasimama mpaka mkubwa apite, wakarudi nyumbani.

Na shule zetu zilirithi yote. Somo la kazi ya mikono, lililotoka misheni, liligeuka polepole kuwa azabu. Mtoto mwenye akili anabaki darasani na kalamu, mtoto mwenye makosa anapewa jembe. Tumefanya hivyo miaka na miaka, halafu tunashangaa kuona kijana mwenye diploma anaona haya kushika jembe mbele ya rafiki zake. Nani alimfundisha kuona haya? Ni sisi walimu. Mimi ni mmoja wao.

6. Siku sita na siku ya saba

Kama bustani ya nyuma ya jiko ingekuwa jambo dogo, Kisangani ingekufa kati ya mwaka 1998 na 2001. Mwezi wa 8 mwaka 1998 mji ulichukuliwa na uasi wa RCD. Mto ulifungwa. Maboti ya Kinshasa hayakupanda tena mpaka mwaka 2001. Chumvi na sabuni zikawa ghali kuliko nyama. Chakula kilifika kwa baiskeli, juu ya migongo ya vijana waliosukuma mizigo siku nyingi katika njia za msitu. Katika kila parsele, kwenye Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, watu walilima mpaka ukingo wa mfereji. Matembele ilipandwa mahali ambapo zamani palikuwa na maua.

Halafu majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2000. Mamia ya raia walikufa. Wakati ule nilikuwa bado kijana wa shule. Tulikuwa watu tisa chini ya vitanda, katika chumba kimoja. Tulikula mihogo mikavu, kisha tukala maji ya mihogo, kisha hatukula.

Siku ya saba, mabomu yalipotulia, mama alitoka nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Ukuta wa jirani ulikuwa umeanguka juu ya nusu ya bustani. Nusu nyingine ilikuwa hai. Lenga-lenga ambayo haikukatwa siku zile ilikuwa imepanda juu na kuanza kutoa maua, juu lenga-lenga isipokatwa inakimbilia kuzaa mbegu na majani yake yanakuwa magumu. Mimi kwa njaa nilishika shina ili nilivute. Mama alinipiga mkono: «Acha! Ukingoa leo, kesho utakula nini?» Alipangusa kisu kwa kitambaa chake, akakata vichwa vya maua na vichipukizi vilivyokuwa bado laini, akaacha shina na majani machache chini. Tulikula yale. Wiki mbili baadaye shina zile zilikuwa na matawi mapya, na tulikata tena.

Wakati ule watu wengi waliogopa kupiga jembe ardhini, juu mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki katika parsele. Kwa hiyo mboga iliyokwisha kuwa na mizizi ilikuwa mali. Kuikata vizuri, bila kuing'oa, ilikuwa tofauti kati ya kulala na chakula na kulala bila chakula. Mimi nilisoma pedagojia kwa miaka kadhaa, lakini somo la siku ile sijapata lingine lililo wazi kama hilo.

7. Desturi za kutunza: kukata na kusafisha

Nimekusanya hapa yale niliyojifunza kwa mama, kwa wamama wa bonde la Djubu-Djubu wanaolima kando ya maji, na kwa vitabu vya kilimo. Naandika ili yasipotee.

Kukata mboga. Lenga-lenga inakatwa mara ya kwanza wiki 3 au 4 baada ya kuhamisha miche. Kata kwa kisu kikali, acha shina la urefu wa kiganja, karibu sentimita 15, pamoja na majani machache. Shina litatoa matawi, na baada ya wiki 2 au 3 utakata tena. Ngai-ngai na matembele vivyo hivyo: kata ncha laini, acha chini. Kwa sombe, chuma majani machanga ya juu, usivue mti wote nguo, kwa kuwa mhogo usio na majani hauwezi kulisha mizizi yake. Biringanya iliyochoka inaweza kukatwa chini baada ya mavuno. Ikipata mbolea itachipuka na kuzaa tena.

Tomati inataka macho zaidi. Ipe mti wa kuegemea. Vichipukizi vinavyotoka kwapani, kati ya jani na shina, viondoe kwa vidole vikiwa bado vidogo. Majani ya chini yanayogusa udongo yaondoe pia, juu mvua inarusha udongo juu yake na kuleta ukungu. Kazi hiyo ifanye siku ya jua, umande umekauka. Usikate wakati wa mvua, kwa sababu kidonda chenye maji kinaingiza ugonjwa.

Kutambua mnyauko. Tomati ikinyauka ghafla, majani yakiwa bado ya kijani, usikimbilie kutia maji. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, kining'inize katika glasi ya maji safi, na ungoje dakika chache. Ukiona kama uzi mweupe au moshi wa maziwa unashuka kutoka shinani, ni bakteria. Ng'oa mti huo pamoja na mizizi, uutoe nje ya bustani. Mahali hapo usipande tena tomati, pilipili wala biringanya kwa misimu kadhaa, juu ni ndugu wa jamaa moja na wanakufa ugonjwa mmoja; panda mahindi badala yake. Jaribio hilo la glasi ninalifanya darasani, na wanafunzi hawalali siku hiyo.

Kusafisha vyombo. Kila jioni, kwangua matope ya jembe na ya mpau kwa kipande cha mti. Osha, kausha kabisa kwa kitambaa, kisha upake mafuta kidogo, hata mawese. Katika hewa yetu yenye unyevu, chuma kinachoachwa na maji usiku mmoja kinaanza kula kutu. Nola panga na kisu kwa tupa, kwa sababu kisu butu kinapasua shina badala ya kulikata, na kidonda kilichopasuka hakiponi haraka. Angalia mpini pia: mpini unaocheza unaumiza mtu.

Ukigusa mti mgonjwa, kuosha kwa maji hakutoshi. Pitisha ncha ya kisu au ya panga juu ya moto mpaka chuma kiwe moto sana, ama uitie katika maji ya javeli, kipimo 1 cha javeli kwa vipimo 9 vya maji, kwa dakika chache. Baada ya javeli suuza na kukausha, juu javeli nayo inaleta kutu. Na anza kazi kila mara kwa miti yenye afya, umalize kwa migonjwa. Usifanye kinyume.

Mwisho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mtu anayetafuta sababu ya kutofanya kazi. Lakini historia ya Kisangani inatuonyesha kwamba kuna majembe mawili, hata kama chuma ni kimoja. Kuna jembe ulilopewa kwa amri, na kuna jembe linalolisha nyumba yako. La kwanza linaachwa na matope. La pili linaoshwa.

Haja ya jembe la pili haijapungua. Mwaka 2023 mapigano juu ya ardhi upande wa Lubunga yalifukuza familia nyingi kutoka mashamba yao. Walivuka mto na kukaa mjini kwetu bila shamba. Mtu asiye na shamba lakini mwenye ujuzi wa kitalu kimoja cha lenga-lenga, anayejua kukata bila kung'oa, ana kitu mkononi.

Tangu swali la yule kijana, simtumi tena mwanafunzi kulima kwa azabu. Anayechelewa anaandika. Bustani ya shule tumeigawanya kwa vitalu, kila kundi la wanafunzi 5 na kitalu chao, na mboga wanazokata wanapeleka nyumbani kwao. Sikuandika sheria yoyote juu ya kusafisha vyombo. Wiki ya tatu nilipita nyuma ya darasa jioni, nikakuta majembe yameegemezwa ukutani, makavu, yamepakwa mafuta. Hakuna aliyewaambia.

Wandugu walimu, na ninyi wazazi mnaosoma kijitabu hiki, ombi langu ni dogo. Mtoto akikosea, tutafute azabu nyingine. Jembe tumwachie kama urithi.